Mtandao Unaokatika Alasiri

Faki mwanangu,

Assalamu alaykum. Salamu ndefu utanisamehe leo, maana tangu utoke sijaketi nikatulia. Wewe sasa hivi uko Mtambile unamuaga shangazi yako Riziki, na mimi niko hapa ukumbini, mkono mmoja una kalamu na mwengine uko kwenye swichi ya ruta. Nazima, nawasha, na kila nikisubiri taa zirudi naandika mistari miwili mitatu. Ukiona maneno yameruka katikati, ujue niliinuka.

Asubuhi umeniambia neno ambalo mpaka sasa halijanitoka kifuani. Ulikuwa umesimama mlangoni, viatu mkononi, ukasema, "Mama, mtandao hunu usipotengemaa leo, mie kesho sendi." Hukupandisha sauti. Ungepandisha sauti ningekujibu, ningekwambia wewe ni ntoto mdogo nini, na tungemaliza. Lakini ulisema kwa upole, ukaenda zako.

Begi lako liko kitandani, mdomo wazi. Boti ya Mkoani ni kesho asubuhi. Chuoni Mbeya walishakuahirishia mara moja, mwaka jana, nilipokuwa nimekaa eda ya baba yako, na safari hii wamesema asiyefika nafasi yake anapewa mwengine. Kwa hiyo mpaka urudi, ama mimi niipate hitilafu ya mtandao huu, ama wewe ubaki hapa Jadida ukibadilisha vioo vya simu za watu mpaka uote mvi. Na vifaa vya hospitali ulivyotaka kujifunza kuvitengeneza watavitengeneza wenzako.

Mambo ya kula, kuvaa na kuswali sitayaandika. Hayo nimeyasema tangu hujajua kufunga vifungo vya shati, na kama hayajaingia basi. Baridi ya Mbeya utaijua mwenyewe, mimi siijui.

Ngoja, taa.

Taa zimerudi zote, kijani mpaka ya mwisho. Nimekwenda chumbani kwenye kompyuta, picha imekuja, imetembea kidogo, kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kinazunguka, nami nakitazama. Basi nimerudi.

Haki ya Mungu nakuonea huruma. Fundi wa simu wa mji mzima wa Wete, watu wanakuletea vyombo vimetumbukia chooni unavifufua, halafu nyumbani kwa mama yako kidude kidogo kinakushinda. Umebadilisha adapta, umebadilisha waya, umewaita watu wa mtandao wenyewe wakaja na mashine yao asubuhi, wakapima, wakasema mama mbona safi kabisa. Na asubuhi ni safi kweli. Ukirudi usiku baada ya duka na mpira, ukiifungua kompyuta, safi. Inakatika alasiri tu, wakati wa darasa langu, wakati wewe hupo. Juzi uliniuliza, kwa adabu lakini uliuliza, kama labda kuna kitu nabonyeza. Nilikasirika sana siku ile. Sikukwambia, lakini yale maharage uliyokula hayakuwa na nazi kwa sababu hiyo.

Nawe unajua darasa lile ni kitu gani kwangu. Baba yako alipoondoka, na eda ilipokwisha, nilitoka chumba kile sijui mikono yangu niiweke wapi. Wewe ndiye uliyesema, Mama, kuna watoto wa watu wetu Maskati hawana wa kuwasomesha Kurani kwa Kiswahili, wewe umesomesha chuoni miaka yote, kaa mbele ya kioo cha kompyuta usomeshe. Nikacheka. Nikakaa mbele ya kioo siku ya kwanza nimejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, nikaogopa kupumua. Na sasa wale watoto ndio wanaonifanya niamke nikaoga. Mtandao ukikata wanaganda, mdomo wazi, katikati ya aya, na mimi huku nawaita kwa majina. Wazee wao wana subira, lakini wiki iliyopita mmoja ameniandikia kwa heshima kwamba hali ikiendelea watatafuta mwalimu mwengine. Nilikuonyesha ujumbe ule. Nisingekuonyesha, labda begi lako leo lingekuwa limefungwa.

Nimefanya ulivyonifundisha: kwanza jua ugonjwa uko wapi, ndipo utibu. Nimechukua simu nikakaa karibu na ruta, nikafungua video ya mapishi, yule mama wa pilau, na imekwenda bila kukwama. Kwa hiyo mtandao unaingia nyumbani. Kisha nikaiambia kompyuta isahau ruta yetu na ianze upya kama ulivyoandika kwenye kikaratasi. Ikanitaka neno la siri. Nikaandika, ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Nikaitukana. Kumbe herufi kubwa zilikuwa zimewashwa. Wewe usicheke, hukuwepo.

Nitakwambia kitu nikiwa nasubiri. Mbinu hii yako ya kujua ugonjwa uko wapi imenirudisha kwa baba yako.

Alipoanza kuvimba miguu, Bi Mize jirani aliuliza, nami nikamwambia amejikwaa shambani. Kila aliyeuliza, amejikwaa. Ami yako wa Unguja alipiga simu nikasema hajambo, kalala tu. Tulikubaliana mimi na baba yako kwamba watu wasijue, maana ukishasema una maradhi kila mtu atakuja na mdomo wake. Tukajifungia na ugonjwa ule ndani, na wewe tukakufungia nao. Ulikuwa unatoka kwenda dukani unacheka na watu, unarudi unambeba baba yako kumpeleka msalani. Ami yako alikuja kujua siku za mwisho kabisa. Alinitazama tu, hakusema neno. Heri angenitukana. Sijui kama tungesema mapema baba yako angekuwepo leo, hiyo ni siri ya Mwenyezi Mungu, wala sitaki unijibu. Ila ule ulikuwa mzigo mkubwa kwa mabega yako, na sisi ndio tuliokukatalia wasaidizi. Ukiumwa huko Mbeya, usiniambie umejikwaa.

Haya. Kompyuta imeipata ruta. Imekubali. Video imeanza, imekwama. Mungu wangu.

Kimebaki kitu kimoja kwenye kikaratasi chako, ule waya wa buluu wa kuunganisha kompyuta na ruta moja kwa moja. Ni mfupi, kwa hiyo nimeibeba kompyuta mpaka ukumbini, nimeiweka juu ya kiti. Nimechomeka. Nimesogeza na sinia nipate nafasi ya mikono. Yule mama wa pilau amekaanga vitunguu, ametia nyama, ametia viazi, hajakwama hata kidogo! Kwa hiyo hitilafu iko baina ya hapa na chumbani. Ni ukuta tu uliopo hapo, ukuta wa mawe na chokaa wa babu yako, na asubuhi huwa upo vilevile. Nairudisha kompyuta chumbani nijaribu tena bila waya. Mtu anapiga hodi.

*

Faki, nimerudi. Nimekaa chini kabisa, kwenye mkeka. Sasa nitaandika moja kwa moja bila kuinuka, na nitakueleza kila kitu kama kilivyokuwa.

Nilikuwa nimeshaifikisha kompyuta chumbani, nimeianza video upya, inakwenda, nimefurahi, nataka kupiga vigelegele. Hodi ikapigwa. Nikatoka mbio ukumbini, na kabla sijaitikia karibu, mikono yangu ikafanya inachofanya kila siku. Ikachukua lile sinia kubwa, lile tunalolia, ikalisimamisha juu ya kabati mbele ya ruta.

Wewe hujui kwamba nafanya hivyo. Kweli hujui, na ndiyo maana hukuweza kujua. Tangu siku uliyokileta kidude kile, na taa zake zinavyong'ara, nilisema watu hawa wataingia humu na macho yao, watasema mjane huyu ana mtandao nyumbani, ana kompyuta, ana wanafunzi Maskati. Jicho halina pazia. Kwa hiyo kila alasiri, kabla sijaanza darasa, saa ambazo watu huanza kutembeleana, nakisitiri. Darasa likisha, naliondoa sinia kwa ajili ya chakula chetu cha usiku. Ukirudi wewe, sinia liko jikoni linasubiri wali. Leo nimelisimamisha mapema, tangu ulipotoka, kwa kuwa nilijua siku ya kuaga watu watakuja.

Aliyepiga hodi alikuwa Bi Mize. Akaingia, akakaa, akaangaza huku na huku.

"Yuwapi Faki?"

"Kenda Mtambile mara moja."

"Mtambile kufanyani?"

"Kumwangalia shangaziye."

Bi Mize akavua kanga ya kichwani, akaikunja mapajani. Unajua anapofanya hivyo kuna neno linakuja.

"Bi Saada," akasema, "Jadida nzima yajua kuwa Faki asafiri kesho. Ntu pekee asiyejua kuwa twajua ni weye. Ntoto nimempakata mie, nimempa uji mie, akisafiri nisimuage? Kwani mie nikimwombea dua atavunjika nguu?"

Niliona uso unanipata moto. Yeye ndiye niliyemwambia baba yako amejikwaa, na siku ya maziko ndiye aliyepika kwa watu wote, na hata siku moja hajanirudishia neno lile. Na wewe, ulipopata nafasi ya Mbeya, nikakuziba mdomo. Nikakwambia usiseme dukani, usiseme kwenye mpira, tutasema ukishafika. Ulifaulu na hukupata hata mtu mmoja wa kukupa mkono, isipokuwa mimi, nami nilikupa jikoni mlango umefungwa. Samahani sana, mwanangu. Ulistahili watu waje wakae, wale, wakupigie kelele.

Nikasema ngoja nikuletee chai, Bi Mize. Na kwa kuwa hapakuwa na kitu tena cha kumficha mwanamke yule, nikanyoosha mkono nikalichukua sinia lile lile kabatini, nikaliteremsha mbele yake, ruta ikabaki uchi inawaka.

"Kumbe ndicho hikino?" akasema. "Mbona kidogo hivi?"

Kabla sijamjibu, chumbani sauti ikatoka kwa nguvu: "...koroga mpaka vitunguu viwe vyekundu."

"Nnani huyo?" akaruka Bi Mize. "Una mgeni ndani?"

Nilisimama na sinia kifuani. Nikalirudisha juu ya kabati. Yule mama wa pilau akasema maneno machache yaliyokwisha kuingia, akanyamaza. Nikaliondoa. Tukangoja kidogo, akaendelea na pilau yake. Nikalirudisha, akanyamaza. Bi Mize alinitazama, nadhani aliona nimepagawa, akasema, "Saada, chai basi yatosha, n'tarudi baadaye," lakini hakuondoka, akabaki anatazama. Mwisho alianza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka nikalia.

Sinia, Faki. Bati la sinia pale mbele, na ukuta wa babu yako nyuma yake. Mimi mwenyewe, kila alasiri, kwa mikono yangu miwili.

Bi Mize amekwenda. Amesema atarudi usiku na wenzake kukuaga, na mimi nimesema karibuni, waje wote. Umeona? Nimesema waje wote. Sikwambii kwamba kuanzia leo kila kitu nitakiweka barazani. Mambo mengine yana sitara yake, na hata wewe yako mambo yako ambayo sitaki kuyajua. Mstari uko wapi sijui, nimeishi miaka yote hii na sijui. Wewe utautafuta mwenyewe, na ukikosea, kosea upande wa kusema.

Sasa nikwambie lililofuata, na hili sikutaka kuliandika.

Bi Mize alipotoka nilibaki peke yangu na jambo hili. Mtu wa pekee aliyejua dawa ni mimi, yeye kaona nachezea sinia tu. Nikafikiri: Faki akirudi, nikimwambia bado inakata, atabaki. Sitamlazimisha, sitamlilia. Nitasema bado inakata tu, na yeye mwenyewe atalivua begi nguo, taratibu, atazirudisha kabatini. Asubuhi nitasikia kikohozi chake uani. Chakula cha usiku tutakula pamoja. Sinia la kulia watu wawili, Faki. Kesho usiku litakuwa la nani?

Nikalirudisha sinia juu ya kabati. Nakwambia kweli. Nikalisimamisha vizuri kabisa, nikaenda nikakaa jikoni nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Simu ikalia ujumbe. Wewe. "Mama vipi mtandao?" Nikausoma, sikujibu. Nikainuka, nikakaa. Nikaenda chumbani kwako nikaangalia begi. Juu kabisa umeweka bisibisi zako ndogo, umezifunga kwenye kile kitambaa cha baba yako cha kufutia miwani, umekifunga kwa uzi ili zisimwagike njiani. Hakuna anayefunga vitu vyake hivyo kama hataki kwenda. Nilitaka wewe ubaki kwa ajili yangu, na wewe ulitaka kubaki kwa ajili yangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka ubaki kwa ajili yako.

Nikaenda ukumbini nikalitoa sinia. Nimelipeleka jikoni. Kisha nikakaa mbele ya kompyuta, nikajifunga mtandio vizuri, nikakupigia kwa picha.

Ulitokea, na shangazi yako nyuma yako anapiga kelele kwamba anaambiwa habari za safari siku moja kabla, kwamba sisi watu wa Jadida tuna siri hata ya chumvi. Ana haki, nimemwomba radhi. Ukatoka na simu nje penye utulivu. Tukazungumza. Nikakuuliza umekula, ukasema mihogo. Ukaniuliza dawa ya mgongo nimekunywa, nikasema bado. Mambo ya kawaida tu, na wote wawili tunayasema tukiangalia picha, tukisubiri ikate. Saa ile ile ya alasiri. Haikukata.

"Mama," ukasema, "mbona haikati?"

"Haikati."

"Ilikuwa nini?"

"Sinia."

Nikakueleza. Ulicheka Faki, ulicheka ukashika ukuta, ukasema utawahadithia mafundi wote dukani, nikasema wahadithie, na kawaage. Halafu kicheko kikakwisha. Ukanitazama, ukawa kimya, hutikisiki. Nikaona basi, imeganda. Nikaanza kukuita kama ninavyowaita wale watoto. Faki. Faki! Nikagonga kioo kwa kidole. Nikainuka nusu nikaangalie ruta.

Ndipo nikaona machozi yanateremka, na wewe huyafuti, na hakuna kilichoganda.

"Nipo, Mama," ukasema. "Nakuona vizuri."

Nami nilikuwa nakuona vizuri. Rudi ufunge begi, watu wanakuja kukuaga.

Mama yako,
Saada